Mifumo Imesomana, Nani Anajibu?

Kuna sentensi mbili ambazo Mtanzania wa leo anazisikia mara kwa mara. Ya kwanza hutamkwa majukwaani: mifumo ya Serikali lazima isomane. Ya pili hutamkwa madirishani, kwa sauti ya chini, na mtumishi ambaye macho yake hayabanduki kwenye kioo cha kompyuta: mfumo umekataa. Makala haya yanahusu uhusiano uliopo kati ya sentensi hizo mbili, kwa jicho la mtu anayeishi Bariadi, mji ambao dirisha lipo hapa na mfumo uko mbali.

Hoja yangu ni rahisi kuieleza, ingawa kuitekeleza ni kazi. Taasisi ya umma inaweza kuiachia mashine sehemu ya kazi zake. Inaweza pia kuiunganisha tovuti yake na mifumo ya taasisi nyingine, au ya kampuni binafsi. Jambo moja haliwezi kuachiwa mashine wala kampuni, nalo ni wajibu wa kujibu. Kila mahali mifumo miwili inapounganishwa, lazima awepo mtu anayefikika, anayejulikana kwa cheo, na mwenye mamlaka ya kurekebisha kosa. Asipokuwepo, tumemrudisha mkulima wetu kwenye mizani asiyoruhusiwa kuitazama.

Tuanze kwa kutenda haki

Anayezikumbuka ofisi za umma za miaka ishirini iliyopita hawezi kuidharau kazi iliyofanyika. Malipo yalipokelewa taslimu, stakabadhi ziliandikwa kwa mkono, na kila mtu alijua kwamba baadhi ya vitabu vya stakabadhi vilikuwa na ndugu zao wa siri. Tangu mwaka 2017, Mfumo wa Kielektroniki wa Malipo ya Serikali, GePG, umeweka namba ya kumbukumbu ya malipo kati ya mlipaji na mtumishi. Fedha inapita benki au kwenye simu, na aliye dirishani haigusi. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaunda Mamlaka ya Serikali Mtandao kutokana na iliyokuwa Wakala, na Mamlaka hiyo ikajenga mfumo wa kubadilishana taarifa uitwao GovESB, ambao ni kama njia panda inayokutanisha mifumo ya taasisi mbalimbali.

Matunda yake yanaonekana hata huku kwetu. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu hujaza namba yake ya mtihani, na matokeo yake hupatikana bila yeye kubeba bahasha. Cheti chake cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA kwa njia ya mtandao. Mtumishi anayetaka uhamisho huomba kupitia mfumo wa watumishi badala ya kupanda basi kwenda Dodoma na barua mkononi. Mfanyabiashara huomba leseni kupitia TAUSI. Fundi anayetaka kazi ya kujenga darasa hujisajili katika NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Kwa mkoa kama Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na ulio mbali na makao makuu ya karibu kila taasisi, hizi ni nauli zilizookolewa na siku za kazi zilizorudishwa. Anayesema turudi kwenye majalada ya karatasi ama hajawahi kulitafuta jalada lililopotea, ama alinufaika na kupotea kwake.

Hata hivyo, ni vema tukaelewa kinachotendeka nyuma ya kioo. Unapojaza namba yako ya NIDA katika ukurasa wa taasisi fulani, ukurasa huo haukujui. Unatuma swali kwa mfumo mwingine kupitia kiunganishi: je, namba hii na jina hili ni vya mtu mmoja? Jibu linarudi kwa kufumba na kufumbua, ndiyo au hapana, na ukurasa unaendelea au unasimama. Jibu limetoka kwa taasisi ya kwanza, linatekelezwa na taasisi ya pili, malipo yanapitia kwa ya tatu, na yote hayo yanasafiri juu ya mtandao wa kampuni ya nne. Mwananchi anaiona moja tu kati ya hizo nne, ile yenye dirisha. Jibu likiwa ndiyo, wote wanne wanastahili sifa. Likiwa hapana, kila mmoja ana wa kumsukumia.

Somo la mizani

Usukumani tuna historia inayoweza kutusaidia kulifikiri jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa pamba alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi, mnunuzi akapima, akatamka uzito, akalipa. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, iliyosomwa na mnunuzi. Moja ya malalamiko makubwa yaliyouzaa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa lilikuwa hilo la mizani. Harakati zile, ambazo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, zilizaa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, likawaunganisha wakulima wa Usukuma, wakiwemo wa Ntuzu, eneo ambalo ndilo Bariadi ya leo.

Tuangalie vizuri walichokidai wazee wale. Hawakudai mizani iondolewe. Mkulima asiye na mizani ni mkulima anayekadiriwa kwa macho, naye hupunjwa zaidi. Walidai kuiona, kuikagua, na kuwa na mtu wao pale inaposomwa. Yaani walikikubali chombo na wakakataa kwamba chombo kina neno la mwisho. Naamini huo ndio msimamo sahihi kuhusu mifumo ya kidijitali. Kiunganishi kinachoamua kama wewe ni wewe, kama unastahili au hustahili, ndicho mizani ya kizazi hiki. Tofauti ni kwamba mizani ya mwaka 1950 ilikuwa na mwenyewe aliyesimama pembeni yake. Ya leo inatamka uzito, na ukiuliza mwenyewe yuko wapi, unaonyeshwa kioo.

Jina moja, watu watatu

Nitoe mfano wa kufikirika, ingawa msomaji wa Usukumani ataona kwamba hauhitaji ubunifu mwingi. Kisukuma kina sauti ambayo Kiswahili hakina, ile inayoandikwa ng'w. Ng'wandu ni jina la kawaida kabisa. Lakini makarani wa Kiswahili kwa miaka mingi wameliandika Mwandu, kama walivyoandika Mwigulu kwa Ng'wigulu. Hata yule mtu mashuhuri wa historia yetu, Ng'wanamalundi, utamkuta katika maandishi mengine akiitwa Mwanamalundi, na hakuna Msukuma anayedhani kwamba hao ni watu wawili.

Sasa tuchukue mkulima wa Nkololo au Dutwa. Kadi yake ya kliniki iliandikwa Ng'wandu. Mwalimu wa shule ya msingi akamwandika Mwandu. Wakati wa kusajili vitambulisho, mwandishi akaiacha ile alama ya juu, akawa Ngwandu. Kwa mtendaji wa kijiji chake, haya ni maandishi matatu ya jina moja, wala suala halizuki. Kwa mashine inayolinganisha herufi kwa herufi, hao ni watu watatu, na wawili kati yao hawapo.

Zamani kosa la karani lilibaki katika jalada alilolikosea. Leo namba ya NIDA imekuwa mama wa namba nyingine. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, uliokamilishwa kwa kufunga laini zisizosajiliwa kuanzia Januari 2020, laini ya simu imefungamana na namba hiyo. Laini ya simu imebeba akaunti ya fedha. Na akaunti ya fedha ndiyo njia ambayo malipo mengi sasa humfikia mkulima. Mbolea ya ruzuku, tangu mpango wake uzinduliwe Agosti 2022, nayo inataka mkulima aliyesajiliwa kwenye mfumo. Kosa lililofanyika sehemu moja linasafiri hadi sehemu nyingine zote kwa kasi ileile ya ukweli. Lakini sahihisho halisafiri hivyo. Sahihisho linapanda basi: linakwenda kwa mtendaji kuchukua barua, kwa wakili kuapa, wilayani kupeleka fomu, kisha linasubiri.

Hapa ndipo penye uonevu ambao hauna mwonevu. Gharama ya kutofautiana kwa mifumo miwili ya Serikali inalipwa na mtu ambaye hakuutengeneza hata mmoja. Anayetakiwa kuthibitisha kwamba mashine imekosea ni yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuithibitishia.

Hatari hii haikuanzia kwetu, na nchi tajiri hazina kinga nayo. Huko Australia, kati ya mwaka 2015 na 2019, Serikali iliunganisha kwa otomatiki taarifa za mapato za mamlaka ya kodi na taarifa za walipwa wa ruzuku za kijamii. Mfumo uliyachukua mapato ya mwaka mzima, ukayagawa sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, kana kwamba kibarua hupata kiasi kilekile Januari hadi Desemba, kisha ukawaandikia mamia ya maelfu ya watu madeni ambayo wengi wao hawakuwa nayo. Aliyepinga alitakiwa kutafuta hati zake za mshahara za miaka ya nyuma. Mpango huo, uliojulikana kama Robodebt, ulibainika kuwa kinyume cha sheria, na tume ya kifalme ya uchunguzi ikatoa taarifa yake mwaka 2023. Wote waliokuwa na uzoefu wa maisha ya vibarua wangeweza kuliona kosa lile la hesabu siku ya kwanza. Mashine haikuwa na uzoefu huo, na aliyekuwa nao hakupewa nafasi ya kuizuia.

Madaraka yanayorudi makao makuu kimyakimya

Wanafunzi wa utawala wanajua kwamba tangu mwaka 1972 nchi hii imekuwa ikijadili namna ya kuyapeleka madaraka mikoani. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zilirudisha halmashauri zilizokuwa zimevunjwa, na Ibara ya 146 ya Katiba inasema wazi kwamba Serikali za Mitaa zipo ili kuwapelekea wananchi madaraka. Juu ya hilo tumeandika tasnifu nyingi. Ninachokiona sasa ni kwamba madaraka yanarudi makao makuu bila mswada, bila mjadala wa Bunge, na bila tangazo. Yanarudi kwa njia ya usanifu wa mifumo.

Ofisa wa halmashauri ambaye sheria inampa uwezo wa kuamua anakuta kwamba ukurasa hauna mahali pa kuweka uamuzi wake. Anaona kosa, analijua, anamfahamu na mwananchi mwenyewe, lakini kitufe cha kurekebisha hakipo kwenye kioo chake. Kipo kwenye kioo cha mtu wa Dodoma au Dar es Salaam. Aliyeamua kitufe hicho kikae wapi hakuwa diwani wala mbunge. Alikuwa mchambuzi wa mifumo aliyekuwa anaharakisha kumaliza kazi, na pengine hakujua kwamba anaandika sheria. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanaelewa ninachosema. Lawama za dirishani zinawafikia wao, na funguo hawana.

Uamuzi wa kuunganisha ni uamuzi wa kisiasa hata unapovaa nguo za kitaalamu. Ushahidi ulio karibu na kila nyumba ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, viwango vilivyopandishwa mwaka 2023 kuwa 1,500 na 7,500. Kiufundi ni kazi maridadi: mifumo miwili imeunganishwa, wakusanyaji hawahitajiki, hakuna anayekwepa. Lakini mita ya umeme inamjua anayenunua umeme, na kodi ya majengo ni deni la mwenye jengo. Katika nyumba ya kupanga hao ni watu wawili tofauti. Serikali ilieleza kwamba mpangaji na mwenye nyumba warekebishiane wenyewe, maelezo yaliyo sahihi kisheria. Ila yeyote aliyewahi kupanga chumba anajua jinsi mpangaji anavyojadiliana na mwenye nyumba juu ya shilingi 1,500. Kiunganishi kimehamisha mzigo kutoka kwa mwenye mali kwenda kwa asiye na mali, na sheria inabaki ikisomeka vilevile kwenye karatasi.

Mtu wa tatu ni nani?

Hadi hapa nimezungumzia taasisi za umma zinaposomana zenyewe. Upo muunganiko mwingine usiozungumzwa sana: ule wa tovuti zetu na kampuni za nje. Ukurasa wa shule, hospitali, chuo au asasi ya kiraia mara nyingi umebeba vipande ambavyo mwenye ukurasa hakuviandika: ramani, kihesabu cha wageni, dirisha la video, kitufe cha kuzungumza kwa WhatsApp, fomu ya maombi iliyohifadhiwa kwenye seva za Marekani. Kila unapofungua ukurasa huo, kivinjari chako kinavipigia hodi vyanzo vyote hivyo. Wewe unadhani umeingia ofisi moja, kumbe umetambulishwa kwenye ofisi kadhaa. Mwenye ukurasa naye mara nyingi hajui ziko ngapi.

Mwezi Februari 2018 Waingereza walipata somo la bure. Tovuti nyingi za umma nchini humo zilikuwa zimeweka programu nyongeza iitwayo Browsealoud, inayousoma ukurasa kwa sauti ili kuwasaidia wasioona vizuri na wenye shida ya kusoma. Nia ilikuwa njema kabisa. Wadukuzi hawakuhangaika kuzivamia tovuti hizo moja moja. Walibadilisha msimbo wa ile programu tu, na kwa saa kadhaa zaidi ya tovuti 4,000 zikawa zinatumia kompyuta za wageni wao kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya wadukuzi. Miongoni mwa tovuti hizo ilikuwamo ya ofisi ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi. Mlinzi mwenyewe alikuwa ameacha mlango kwa fundi asiyemjua.

Bariadi, hata hivyo, ina mtu wa tatu wa aina yake, na sidhani kama mwongozo wowote wa Serikali unamtaja. Ni kijana wa steshenari. Mifumo yetu imejengwa kwa kudhani kwamba kila mwananchi ana kompyuta, barua pepe, na utulivu wa kuandika nywila. Ukweli ni kwamba maombi ya mkopo, ya ajira, ya cheti na ya leseni hujazwa katika vibanda vya kuchapia. Kijana yule ndiye anayemfungulia mteja barua pepe, ndiye anayebuni nywila, na mara nyingi ndiye anayeikumbuka. Ana nakala za vyeti vya nusu ya kata. Wengi wao ni waaminifu na wanatoa huduma ambayo Serikali ilipaswa kuitoa, tena kwa bei ya chini. Lakini ulinzi wa taarifa wa nchi nzima, pamoja na vituo vyake vya kisasa vya kuhifadhi data, unaishia kwenye daftari lake la kaunta. Mfumo usiomhesabu mtu huyo haujaijua nchi unayoihudumia.

Kamba moja ikikatika

Muunganiko una tabia nyingine: unaokoa muda siku zote isipokuwa siku unapoharibika, na siku hiyo unaharibu vyote kwa pamoja. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, uliobeba maelfu ya huduma za Serikali, ulishambuliwa mtandaoni. Usumbufu ulivuka ofisi za Serikali: viza za wasafiri, tiketi za treni, hata ununuzi wa umeme kwa simu viliathirika. Serikali ya Kenya ilisema hakuna taarifa zilizopotea. Kwa mtu aliyekaa gizani jioni ile, faraja hiyo ilikuwa ndogo.

Sisi wenyewe tunazijua siku za namna hiyo. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulisumbua kwa siku kadhaa, nchi ikapanga foleni, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, akaagiza maofisa wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora nchini kote. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa, ikarejea baada ya siku kadhaa. Tukio hilo la mwisho lina mjadala wake mzito ambao siwezi kuumaliza hapa. Kwa mada ya leo niseme hili tu: Serikali inayohamishia huduma zake zote mtandaoni imejifunga kiapo cha kutouzima mtandao, kwa sababu sasa mtandao ndio mlango wa ofisi. Kuuzima ni kuwafungia nje hata wale waliokuja kulipa kodi.

Je, ofisa akipewa kitufe hatadai rushwa?

Najua pingamizi litakaloletwa, na ni pingamizi zito. Mifumo ilikuja kwa sababu watu walikuwa na mamlaka wakayatumia vibaya. Ukimrudishia ofisa wa Bariadi uwezo wa kurekebisha jina, si utakuwa umemrudishia na uwezo wa kuuza rekebisho hilo? Anayeuliza hivyo hakosei. Wananchi wengi wanaipenda mashine kwa sababu haiombi chai.

Jibu langu ni kwamba rushwa hustawi mahali palipo na giza, na giza halijali kama lipo kwenye jalada au kwenye seva. Mfumo usiorekebishika mahali ulipo unazalisha soko lake la madalali: yupo anayemjua mtu makao makuu, yupo anayejua siku gani mtandao unakubali. Dawa ni kuyaweka mamlaka ya kurekebisha karibu na mwananchi, kisha kuiachia mashine kazi inayoiweza vizuri kuliko binadamu, yaani kuandika nani alibadilisha nini, saa ngapi, kwa kielelezo gani. Mashine iwe shahidi wa uamuzi, mtu awe mwamuzi.

Tudai nini?

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinavyotumika, haki ya kutaka zirekebishwe, na inagusa hata maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Ibara ya 16 ya Katiba ilishatangulia kulinda faragha ya mtu. Kinachokosekana ni kuzishusha haki hizo hadi dirishani. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila jibu la kukataliwa liwe na sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka, litaje taasisi iliyotoa jibu hilo, na litoe namba ya shauri. "Mfumo umekataa" lisihesabiwe kuwa jibu halali katika ofisi yoyote ya umma.

Pili, kila halmashauri iwe na ofisa mwenye mamlaka ya kupokea shauri hilo na kulifikisha kwa taasisi husika, na sahihisho likifanyika katika mfumo mama lisambae lenyewe katika mifumo yote iliyounganishwa nao. Kama kosa linaweza kusafiri bila nauli, sahihisho nalo liweze. Na tofauti za tahajia za majina ya lugha zetu zitambuliwe na mifumo. Wataalamu wa lugha wapo vyuoni, waulizwe.

Tatu, kila taasisi ibandike kwenye tovuti yake orodha ya mifumo na kampuni inazobadilishana nazo taarifa, kwa madhumuni gani, na kipande chochote cha nje kisicho na kazi ya lazima kiondolewe. Asasi za kiraia zinazotudai uwazi zianze na kurasa zao wenyewe.

Nne, kila huduma muhimu iwe na njia mbadala ya maandishi kwa siku ambayo mtandao haupo, na vijana wa steshenari wapewe mafunzo na utaratibu wa kuwatambua, badala ya kujifanya hawapo.

Haya hayahitaji teknolojia mpya. Yanahitaji madiwani watakaouliza maswali ya mifumo kama wanavyouliza ya barabara, na wanafunzi wa TEHAMA watakaokubali kwamba kila kitufe wanachokiweka au kukiondoa kinagawa madaraka. Mkaguzi anapokagua fedha za halmashauri, akague pia ni mashauri mangapi ya wananchi yaliyokwama kati ya mfumo mmoja na mwingine, na yamekwama kwa muda gani.

Msimu wa pamba unaokuja, mkulima wa Ngulyati atapima mzigo wake, kisha atasubiri mlio wa simu. Fedha ikifika, mfumo umefanya kazi yake na tuupongeze. Isipofika, awe na mahali pa kwenda ndani ya Bariadi, akakute mtu, amweleze, apewe jibu lenye jina la aliyelitoa. Wazee wake walilidai hilo mbele ya mizani. Hatuna sababu ya kudai pungufu mbele ya kioo.